Alhamisi, Imezima Tena

Hell-Ville, Nosy Be

Jumapili, 2 Desemba 2018

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana, na leo kila kitu humu ndani kina unyevu: chumvi, mashuka, hata kurasa za daftari hili. Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nilisoma Unguja miaka minne kwa shangazi yangu na sitaki lugha inipotee, maana hapa sina wa kuzungumza naye. Pili, binti yangu Kouraichia ana miaka kumi na saba na husoma chochote kilichoandikwa Kifaransa au Kimalagasi, barua za watu zikiwemo.

Tunaishi watatu. Mimi Ansoifa, mchana napokea wageni katika hoteli ya Ambatoloaka, jioni nachora nyumba za watu kwenye kompyuta. Kouraichia. Na tangu mwezi uliopita, Baba. Alianguka kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Mahajanga, ile ambayo paa lake linavuja kila chumba, na dada yangu Echata akasema yeye ana watoto watano na hana pa kumlaza. Basi Baba yuko chumba changu cha kulia chakula, kitanda chake kimeelekea meza ya kompyuta. Yeye husema Kingazija, mimi hujibu Kisakalava cha huku, tunaelewana vizuri kuliko ninavyopenda.

Kaka yetu Youssoufa, aliyeko Réunion, ameshapata mnunuzi wa nyumba. Mnunuzi anataka kiwanja tu, nyumba ataibomoa. Nimewaomba ndugu zangu wanipe mpaka mwisho wa Machi. Nitaichora nyumba yote kwenye kompyuta, ikiwa imetengenezwa: Baba chini, vyumba viwili juu vya wageni, kuta hizo hizo. Wakiiona hawatauza. Wasipoiona, nyumba itavunjwa, na Baba atamalizia uzee wake hapa akiniambia kila asubuhi kwamba chai ya Nosy Be haina rangi.

Jumanne, 4 Desemba

Sebule imekamilika. Nikishachora, kompyuta inabaki kutwa ikitengeneza picha yenyewe, na vivuli vyake na mwanga wake. Mimi naita kupika, kwa sababu unaiacha jikoni ukaenda zako. Leo imepika picha tatu, safi kabisa.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na nusu nikakuta kioo cheusi. Umeme upo, na betri la akiba limejaa. Nimewasha, ikawaka, ikaniambia kwa Kifaransa cha heshima kwamba kadi ya picha imeacha kujibu.

Jumamosi, 8 Desemba

Nimemwita Mikidache, fundi wa kompyuta wa karibu na soko. Amefungua, amepuliza vumbi, akaitoa kadi ya picha, nene kama tofali, akaifuta miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli na kuirudisha. Akasema, "Dada Ansoifa, ina uchafu tu." Huyu kijana ana mikono laini mno na majibu mepesi mno. Simwamini.

Alhamisi, 13 Desemba

Imezima tena. Safari hii imezima ikiwa katikati ya kazi, na mchoro wa vyumba vya juu umeharibika wote. Kazi ya usiku wa wiki nzima. Baba ameniona nimeshika kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 14 Desemba

Baba ameenda msikitini, kofia imesimama wima kama imechongwa. Ni ile ya mkono ambayo Mama alimshonea. Mama alikuwa akiifua na kuitia wanga mwenyewe kila wiki, na tangu afariki Baba hamruhusu mtu kuigusa. Mtaani kofia za wazee wote zimelegea kwa mvua hii. Wamemuuliza anafanyaje. Amejifanya hasikii, na kurudi nyumbani anatabasamu.

Jumatatu, 17 Desemba

Mikidache amekaa na kompyuta dukani tangu Jumamosi, ameipikisha picha mchana na usiku. Haijazima hata mara moja. Ameniambia, "Haina ugonjwa." Nikamwambia ugonjwa inao, ila kwake inaona haya. Nikirudi nayo nyumbani nikikaa mbele yake, nayo inakaa kwa adabu.

Alhamisi, 20 Desemba

Imezima.

Jumanne, 25 Desemba

Hoteli imefurika. Miguu imevimba.

Alhamisi, 27 Desemba

Imezima, sina nguvu ya kuandika.

Jumapili, 6 Januari 2019

Youssoufa amepiga simu. Atafika Mahajanga mwishoni mwa Machi, kikao Jumamosi tarehe thelathini, na Jumatatu anaondoka na saini zetu au bila saini zetu. Nilimwambia nitamtumia picha. Akasema picha mtu yeyote anaweza kuzipamba, yeye anataka kukaa kwenye kompyuta aizunguke nyumba mwenyewe, afungue milango, aone kama vyumba vinaenea. Ndivyo alivyo, haamini kitu mpaka akibishie. Kwa hiyo lazima nibebe kompyuta mpaka Mahajanga. Na ikimzimia Youssoufa mbele ya macho, basi, nyumba imekwenda.

Baba alikuwa anasikiliza. Alipoona nimekata simu akasema mwanga wa Mahajanga asubuhi unaingia jikoni kwanza, nisisahau. Nikamjibu kwa ukali kwamba siwezi kuchora mwanga na kompyuta imekufa. Baadaye nikajuta.

Alhamisi, 10 Januari

Mikidache ameniazima kadi yake mwenyewe, mpya. Kadi yangu iko kwake. Ya kwake nayo imezima. Sasa hata yeye amekuna kichwa.

Jumamosi, 12 Januari

Leo nimefanya ubaya, niuandike.

Mikidache amekuja kuchukua kadi yake, akaigeuza mbele ya dirisha, akaniita. Kwenye mapanga ya feni ndogo za kadi kulikuwa na unga mweupe, umeganda vipande vipande. Akaugusa, akapeleka kidole puani. "Dada, mnapikia uji humu?"

Mimi sikufikiri mara mbili. Kouraichia husaga liwa yake pale pale mezani, ile ya kujipaka usoni, huku wanaiita masonjoany. Kila jioni jiwe, maji, kijiti cha mti, na rafiki zake wawili wanacheka. Nikamwita mbele ya fundi. Nikamwambia yeye na uzuri wake ndio wanaomkosesha babu yake nyumba. Nikasema mengine pia, ya uvivu na ya simu.

Kouraichia alichukua jiwe lake akaenda kulifungia chumbani. Mikidache akatazama bisibisi yake kama hajawahi kuiona. Baba alikuwa amekaa kitandani na tasbihi, akasema, "Mwanangu, mtoto hugombezwa faraghani." Nikamwambia asiingilie. Sijawahi kumwambia Baba asiingilie tangu nizaliwe.

Jumatano, 16 Januari

Kouraichia amenuna. Ananiita "Madame". Uso wake hauna liwa, na kwa kweli bila liwa jua la hapa linamuunguza.

Alhamisi, 17 Januari

Imezima, na liwa haijasagwa humu siku tano.

Ijumaa, 18 Januari

Nimemwomba Kouraichia msamaha. Akasema atafikiria. Nikaenda dukani kwa Mikidache, nikamwambia nimekoma, aniuzie kompyuta nyingine yoyote. Angekuwa tapeli, leo ndiyo ilikuwa siku yake. Badala yake akaniuliza kama nimeandika popote siku ilizozima. Nikalitoa daftari hili kwenye mkoba na kumsomea tarehe, moja moja. Akawa anazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole.

"Dada Ansoifa, zote ni Alhamisi."

Nikaangalia. Nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, na sikuona. Mikidache alinipa soda nikae. Tukafikiria umeme wa Alhamisi, jirani anayechomelea vyuma, hata majini tukawagusia kidogo kisha tukaona haya. Mwisho akanitilia programu inayoandika joto la kadi kila dakika. Amesema niache ipike Alhamisi kama kawaida, tuikamate. Hakutaka malipo. Nilimwonea kijana wa watu bure.

Alhamisi, 24 Januari

Imezima, lakini sasa tuna ushahidi. Asubuhi mpaka saa saba mchana, nyuzi sabini. Saa saba na dakika kumi, sabini na tano. Saa saba na nusu, tisini. Saa nane kasoro robo, hakuna tena kilichoandikwa.

Saa saba mimi niko Ambatoloaka, Kouraichia yuko shule. Nyumbani ni Baba peke yake, na Baba anaogopa kugusa hata rimoti ya televisheni. Nikamuuliza kama mchana kulikuwa na joto sana. "Nosy Be ina joto gani?" akasema. "Hapa hata kofia haikauki."

Jumanne, 29 Januari

Mvua. Kouraichia ameniita "Mama" kwa bahati mbaya, akajirekebisha.

Alhamisi, 31 Januari

Bahari ilichafuka, boti za wageni hazikutoka, meneja akaturudisha nyumbani saa sita na nusu. Barabara imejaa maji, taksi imetambaa. Saa nane kasoro dakika ishirini nikaingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, ili nisilete tope.

Kompyuta ilikuwa imevaa kofia.

Kofia ya Mama, mbichi, imetiwa wanga, imekalishwa juu ya ile feni ya juu inayotoa joto. Imeenea sawasawa, utadhani fundi wa kompyuta alipima kichwa cha Baba. Na sanduku zima, mbele, nyuma na ubavuni, limezungushiwa taulo langu la kuogea na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Kama mzee aliyetoka kuoga akaona baridi.

Baba alikuwa amevuta kiti, amekaa mbele ya kioo. Kompyuta ilikuwa inapika jiko la Mahajanga, na picha inapopikwa hutokea kipande kwa kipande, kimraba hapa, kimraba pale. Kilitokea kizingiti cha dirisha. Kikatokea kipande cha sakafu nyekundu. Baba akanyoosha kidole bila kukigusa kioo, akasema peke yake, "Hapo ndipo palipopasuka." Tasbihi imelala mapajani. Sijui alikuwa amekaa hivyo Alhamisi ngapi. Nilikuwa na maneno mdomoni, makali, nimeyalimbikiza miezi miwili, na yote yakaniishia pale mlangoni.

Kisha kioo kikawa cheusi. Baba hakushtuka. Alitingisha kichwa tu, akaanza kutoa vibanio.

"Baba," nikasema.

Akageuka, akaona haya, akasimama haraka kuliko anavyoruhusiwa na goti lake. "Umerudi mapema. Nilikuwa nakausha tu, kesho Ijumaa. Joto lake linapotea bure, mwanangu, nikalifunika lisitoroke."

"Na kuzima?"

"Kuzima vipi? Imefika mwisho. Siku hizi ikifika jikoni inafika mwisho. Nilidhani ndivyo ulivyoipanga."

Nililazimika kwenda jikoni kwangu nikacheke ndani ya pazia, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Miezi miwili amelala kwangu, mvua haijaacha, na hakuona vyema kuniambia kwamba kofia yake haikauki, aniombe pasi au pahali pa moto. Na ule unga mweupe ulikuwa wanga wa mchele, ulikuwa unakauka na kudondokea kwenye feni. Nikimwambia kwamba ni yeye, namjua, hataomba tena hata maji ya kunawa.

Nikarudi nikamwambia, "Ni mvua hii, Baba. Mashine hazipendi unyevu."

Akakubali. Akasema na yeye hapendi.

Ijumaa, 1 Februari

Nimemweleza Kouraichia yote, kwa kunong'ona, tukiwa tumejifungia chooni. Amecheka mpaka akakaa chini. "Bakoko!" alisema, ndivyo anavyomwita babu yake. Kisha akanikumbusha kwamba nilimwita mvivu mbele ya mtu. Nimemsagia liwa mwenyewe, nikampaka, mashavu yote mawili. Nimesamehewa.

Jumapili, 3 Februari

Nilimpelekea Mikidache habari, naye akafunga duka nusu saa kwa kucheka. Leo ameleta kisanduku: ndani balbu moja na feni ya kompyuta iliyokufa, juu kopo la maziwa ya unga limetobolewa matundu. Nilimwambia kuhusu kopo, maana Mahajanga kofia ilikuwa inakaushiwa juu ya kopo kama hilo, kwenye dirisha la jikoni. Tukamwambia Baba ni zawadi ya duka kwa wateja. Baba alikizunguka kisanduku, akatia mkono, akasema balbu iko mbali. Mikidache akaisogeza. Baba akasema sasa inafaa, ila kelele.

Alhamisi, 7 Februari

Haikuzima. Picha nane.

Alhamisi, 14 Februari

Haikuzima. Baba amekaa mbele ya kioo na kofia yake pembeni juu ya kisanduku, akaliona jiko mpaka mwisho wake wa kweli. Niliporudi aliniambia ngazi yangu ina vidato kumi na moja, ya kweli ina kumi na viwili, na anajua kwa sababu kile cha kumi na mbili ndicho kilichomwangusha. Nimeongeza.

Jumapili, 3 Machi

Sasa tunachora pamoja. Anakaa, anasema, mimi nachora. Amenipa milango yote. Amenieleza alivyokuwa akivuka ghuba kwenda Katsepy kununua samaki, na Mama akimngoja kwenye dirisha gani, nami nikalihamisha dirisha kiganja kimoja. Siku moja ilipita nzima bila yeye kuitaja chai. Nilidhani ni mgonjwa, nikamgusa paji la uso.

Jumanne, 26 Machi

Njiani kwenda Mahajanga, Baba, Kouraichia, mimi na kisanduku cha Mikidache. Kompyuta nimeipakata kama mtoto, nimeifunga kwenye taulo lile lile. Baba amelitazama taulo njia nzima.

Mahajanga

Jumamosi, 30 Machi

Kikao kilikuwa kwa Echata, pilau kwanza. Youssoufa amenenepa na anavaa miwani. Alikaa mbele ya kioo kama mtu wa forodha. Nilimpa kipanya, macho yangu kwenye kiashiria cha joto pembeni: sitini na nane.

Alifungua milango yote. Alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena kwa kusudi. Akataka aone mvua ikinyesha kwenye paa, nikamwonyesha bomba la maji. Akataka bafu la wageni liwe kubwa, nikalikuza pale pale. Sabini na mbili. Echata alikuwa ameacha vyombo, amesimama nyuma yetu na mikono yenye povu. Youssoufa akasema, "Kuchora ni rahisi," akaingia jikoni.

Pale dirishani nilikuwa nimeweka kopo la maziwa limepinduliwa, na kofia juu yake. Sikumwambia mtu. Youssoufa akaacha kusogeza kipanya. Alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuigeuza kofia ili jua lipate kila upande, na akisahau anakosa chakula. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Umeliweka kulia," akasema. "Lilikuwa kushoto."

"Kulia," Baba akasema.

"Kushoto, Baba. Kulia palikuwa na mtungi. Nani aliyekuwa akiigeuza, mimi au wewe?"

Wakabishana, sauti juu, mpaka Echata akaamua: kushoto. Nikalihamisha. Youssoufa akamsogelea Baba kwa kiti chake, akamuuliza kwa upole vile vidato vya ngazi vilivyooza ni vingapi, maana mafundi wataanza na hapo. Kuuza hakukutajwa tena. Nilisahau kabisa kuangalia joto.

Jumatatu, 1 Aprili

Youssoufa ameondoka. Chumba cha chini kitakuwa tayari wiki hii, paa kabla ya mvua zijazo, Echata atasimamia wageni. Baba hatarudi nasi. Ndicho nilichokitaka tangu Novemba.

Nimemfungia kile kisanduku cha Mikidache, akanirudishia. Amesema Mahajanga kuna jua. Kisha akasema, "Unadhani sijui ni nani aliyekuwa akiizima mashine? Siku mlipokileta nilijua. Nikanyamaza, nisikuharibie raha ya kunificha." Akaninyooshea taulo langu, limekunjwa vizuri.

Hell-Ville

Alhamisi, 4 Aprili

Haikuzima. Kitanda cha Baba tumekitoa, sasa meza ya chakula imerudi mahali pake. Chumba kikubwa. Kouraichia anasagia liwa hapo, nimemwambia asage.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua imekwisha, barabara inatoa vumbi. Asubuhi niliiwashia kompyuta kazi ya mteja wa Ambatoloaka, picha kumi na mbili. Niliporudi saa kumi na nusu zote zilikuwa zimeiva. Kisanduku kiko pembeni, kopo tupu.

Magharibi Baba amepiga simu, kama wiki iliyopita. Hakuuliza hali. Aliuliza, "Mashine vipi, leo imezima?" Nilisikia jinsi alivyokuwa akingoja jibu, kama anayetumaini mashine inamkumbuka.

Nikamwambia imezima.